Baiskeli, Ziwa na Mizabibu

Mimi ni mzima, ila goti langu la kushoto, ambalo tangu Mei mwaka jana hulalamika kila mvua inapokaribia. Goti hilo ndilo lililoleta makala haya, kwa hivyo niruhusu nianzie hapo.

Wengi wenu mwanijua kwa baiskeli yangu, ile nyeusi ya babu ambayo kengele yake hailii lakini kila kitu kingine hulia. Natoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kufuata barabara ya kando ya ziwa, kilomita tisa kuja shule na tisa kurudi. Siku hiyo ya Mei lori la mchanga lilinipita karibu hata nikahisi joto la injini yake. Kunigonga halikunigonga, la hasha! Upepo wake tu ndio ulionisukuma. Lami ikaisha, nikajikuta mtaroni, baiskeli juu mimi chini, na gurudumu la mbele limejikunja kama chapati. Dereva hakusimama. Nilikosa karatasi mbili za mtihani na wiki mbili za masomo. Baba aliponiona alisema neno moja tu: "Barabara ni ya magari."

Neno hilo liliniuma kuliko goti. Nikiwa nimelazwa nyumbani nilichukua vitabu vya dada yangu vya kidato cha nne, na katika Jiografia nikakuta lile somo la kulinganisha utalii wa Kenya na ule wa Uswisi. Kwenye ramani ya Uswisi, pembeni kabisa kaskazini mashariki, kulikuwa na ziwa lililokatwa na mpaka. Niliporudi shuleni nikamwuliza Mwalimu wa Jiografia ziwa lile ni la nani. Akacheka, akasema kwamba hilo ni swali ambalo hata wenyewe hawajalijibu. Akaniambia pia kuwa watu hulizunguka kwa baiskeli. Ebo! Baiskeli, kuzunguka ziwa zima, tena kwa raha zao? Tangu siku hiyo sikulala. Nimechimba maktaba, nimeomba nafasi kwenye chumba cha kompyuta, nimepima ufuo wa ziwa hilo kwa uzi juu ya atlasi. Sijafika huko, sitaki kuwadanganya. Lakini njia naijua sasa kama njia ya kwenda kisimani.

Ziwa lenyewe Wajerumani huliita Bodensee. Mataifa mengine hulipa jina la mji wa Konstanz ulio ufuoni. Liko chini ya milima ya Alps, na nchi tatu zinalizunguka: Ujerumani, Austria na Uswisi. Ufuo wake ni kilomita 273 hivi, ambapo 173 ziko Ujerumani, 72 Uswisi na 28 Austria. Eneo lake ni kilomita mraba 536. Ukilinganisha na ziwa letu, Nam Lolwe kama wasemavyo wazee, ambalo lina takriban kilomita mraba 68,800, utaona kuwa lao linaingia ndani ya letu mara mia moja na zaidi. Lakini usicheke haraka. Kina chake kinafika mita 251, na letu halifiki hata mita 90.

Sasa lile swali la mwenyewe. Katika sehemu kuu ya ziwa nchi hizo tatu hazijawahi kuwekeana mkataba wa kusema mpaka upite wapi. Waswisi hushika kwamba mpaka uko katikati. Waaustria husema maji ya kina ni mali ya wote kwa pamoja. Wajerumani hawakusema wazi. Na bado meli zinapita, samaki wanavuliwa, baiskeli zinazunguka. Sisi huku kisiwa cha Migingo, mwamba ambao hautoshi hata uwanja wa kandanda, kilitosha kuzua kelele kubwa kati ya Kenya na Uganda mwaka 2009. Tuendelee.

Njia ya baiskeli ya ziwa hilo, Bodensee-Radweg kwa lugha yao, ina urefu wa kilomita 260 hivi. Mwanzoni nilidhani serikali tatu zilichangishana pesa zikajenga barabara mpya ya kilomita 260. Kumbe sivyo! Njia imeshonwa kwa viraka kama suruali ya fundi wa baiskeli. Hapa ni njia ya trekta katikati ya mizabibu, pale ni kichochoro cha kijiji, mbele kidogo ni ukanda kando ya barabara kuu uliotengwa na magari, kisha njia ya miguu ya ufuoni. Kinachoviunganisha viraka hivyo ni alama. Kila njia panda pana kibao chenye picha ya mtu juu ya baiskeli ambayo gurudumu lake la nyuma ni la buluu. Ukiona gurudumu la buluu, fuata. Upande wa Uswisi vibao ni vyekundu, na sehemu kubwa hufuata njia ya taifa namba 2, ile ya Mto Rhine. Nilikaa na wazo hili siku nyingi. Kibao ni bati, rangi na mlingoti. Bati tunalo.

Jambo jingine lililonichekesha ni upande wa kuzungukia. Wengi huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Kwa nini? Kwa sababu huko magari na baiskeli hupita upande wa kulia, na ukienda kwa mwendo wa saa, ziwa nalo linakuwa kuliani kwako. Hivyo wewe ndiwe uliye karibu na maji, na hakuna anayekuziba. Sisi tunaopita kushoto ingebidi tulizunguke letu kinyume cha saa. Jaribu kuchora kwenye daftari kama huamini.

Basi panda kitako tuanze. Tunaanzia Konstanz, mji mkongwe wa Ujerumani uliokaa upande wa Uswisi wa maji. Karibu na bandari pana ghala kubwa la mbao na mawe lililoanza kujengwa mwaka 1388. Kati ya 1414 na 1418 mji huu ulijaa maaskofu na wafalme, kwa sababu Kanisa Katoliki lilikuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja akidai ndiye wa kweli. Wakubwa walifungiwa humo ghalani mwaka 1417 hadi wakamchagua mmoja, Martin wa Tano. Lakini mji huo una doa pia. Jan Hus, mhubiri kutoka Bohemia, aliitwa huko akiwa na ahadi ya mfalme kwamba angesafiri salama. Alikamatwa, na tarehe 6 Julai 1415 akachomwa moto akiwa hai. Ahadi ya mkubwa, jamani!

Na kwa kuwa tuko juu ya baiskeli, nisisahau hili: Konstanz karne ya 19 ulikuwa chini ya utawala wa Baden, na Baden ndiko alikotoka Karl Drais, aliyeonyesha mashine yake ya mbao yenye magurudumu mawili mjini Mannheim mwaka 1817. Haikuwa na pedali wala cheni. Ulikaa juu yake ukakimbia kwa miguu yako mwenyewe. Kwa hiyo hii blakmamba ya babu ni mjukuu wa mashine ya Baden.

Kutoka Konstanz kuelekea magharibi njia huacha maji na kupanda vilima vyenye misitu, na hapa wengi hushuka wakasukuma. Unateremka ncha ya ziwa, unageuka, na sasa uko ufuo wa kaskazini. Kijiji cha Sipplingen si cha kupita kimya kimya. Hapo maji hunyonywa kutoka kina cha mita 60, yakapandishwa mlimani, yakasafishwa, kisha kusafiri kwa mabomba hadi Stuttgart na kwingineko. Watu wapatao milioni 4 hunywa ziwa hilo kila siku! Miaka ya 1960 na 1970 lilikuwa linaelekea kufa. Maji taka na sabuni zenye fosforasi zilikuwa zinamiminika humo, na mwani ukastawi kupita kiasi, kama gugumaji lilivyotufanya sisi. Nchi za bonde hilo zilikuwa zimeunda tume ya pamoja mwaka 1959. Zikajenga mitambo ya kusafisha maji taka kila upande, na fosforasi ikashuka kutoka zaidi ya mikrogramu 80 kwa lita mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 10. Nimefurahi? Nimefurahi, lakini wavuvi wa huko wananung'unika kwamba maji sasa ni safi mno, samaki hawana chakula. Aidha, tangu 2016 kombe mgeni aitwaye kwaga ameingia na kuchuja kile kidogo kilichobaki. Mwaka 2024 ilibidi uvuvi wa Felchen, samaki wao mashuhuri, usimamishwe kwa miaka 3 katika sehemu kuu ya ziwa. Mama zetu wanaouza omena wanajua uchungu wa ziwa kufungwa.

Überlingen tuupite. Ni mji mzuri wenye kuta za kale lakini njia ni ndefu. Unteruhldingen tusimame kidogo, maana humo kuna nyumba zilizojengwa juu ya nguzo ndani ya maji. Ni makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1922, yakionyesha jinsi watu walivyoishi ufuoni maelfu ya miaka iliyopita, Enzi ya Mawe na ya Shaba Nyeusi. Mabaki ya nyumba kama hizo yako sehemu nyingi kuzunguka Alps, na UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011.

Baada ya hapo ndipo mizabibu inapoanza kutawala. Meersburg umekaa kwenye mwinuko, na ngome yake kuukuu inaangalia ziwa. Humo alifia mshairi Annette von Droste-Hülshoff mwaka 1848, na Wajerumani walimheshimu hata wakaichapa sura yake kwenye noti ya maki 20 kabla ya kuja kwa yuro. Mshairi kwenye noti! Wanachama wa chama chetu cha Kiswahili mnasikia? Meersburg hauna stesheni ya reli, lakini una feri ya magari na baiskeli inayovuka hadi Konstanz kwa robo saa hivi, mchana na usiku. Feri hiyo ilianza mwaka 1928. Kwa hivyo kama vile vilima vya kwanza vilikutoa ulimi, ungeweza kuviepuka kwa kuvuka moja kwa moja.

Hapa kuna swali ambalo mwanafunzi yeyote wa Jiografia lazima aulize. Mzabibu ni mmea wa nchi za joto kama Italia, na kwa jirani zetu unastawi Dodoma. Unafanya nini chini ya milima yenye theluji? Jibu ni ziwa lenyewe. Mwalimu wa Fizikia ametufundisha kuwa maji huchukua joto polepole na kulitoa polepole. Kiangazi chote ziwa linakunywa jua. Ikifika Septemba na Oktoba, wakati nchi kavu inaanza kupoa, ziwa bado lina joto na linaligawia vilima vya jirani, kwa hivyo zabibu hupata wiki za mwisho za kuiva na sukari yake huongezeka. Halafu kumbuka kwamba huko jua huwa upande wa kusini. Mteremko wa ufuo wa kaskazini unalitazama jua uso kwa uso, na mwanga mwingine unaruka kutoka kwenye maji. Ndiyo maana njia inapotoka Meersburg kwenda Hagnau, mizabibu iko mkono wa kushoto ikipanda mlima kwa mistari kama nywele zilizosukwa, na kuliani ni maji matupu.

Hagnau ni kijiji, si mji, lakini ndicho kilichonishika moyo. Mwaka 1869 alikuja kasisi aitwaye Heinrich Hansjakob. Alikuta wakulima wa zabibu wako taabani. Mavuno mabaya yalikuwa yamefuatana, na yale machache waliyopata ilibidi wawauzie wafanyabiashara wa mvinyo kwa bei ambayo wafanyabiashara wenyewe waliipanga. Mkulima mmoja mmoja hakuwa na pipa, hakuwa na ghala, hakuwa na ubavu wa kungoja. Zabibu hazingoji, zikiiva zimeiva. Mwaka 1881 Hansjakob aliwakusanya wakaanzisha chama cha ushirika: zabibu za wote zinakamuliwa pamoja, mvinyo unatunzwa katika ghala moja, unauzwa kwa jina moja. Ndicho chama cha ushirika wa mvinyo cha kale zaidi katika Baden, na hadi leo kipo, kinafanya kazi.

Nilipomsimulia nyanya habari hii hakushangaa hata kidogo. Alisema yeye amelima pamba na anajua vyama. Chama alichokuwa nacho kilipokea pamba, kikaandika kwenye kitabu, pesa zikawa za kesho na kesho kutwa mpaka chama kikafa. "Uliza huyo kasisi," akaniambia, "nani alishika funguo za ghala?" Sikuwa na jibu. Lakini nilipokwenda ufuoni Jumamosi nikawaona mabroka wakipanga bei ya samaki huku mashua bado ziko majini, nilielewa kwa nini watu wa Hagnau walikubali kujaribu.

Kijiji kinachofuata, Immenstaad, kina kisa cha magendo. Mswisi Hermann Müller, mzaliwa wa Tägerwilen katika jimbo la Thurgau, alichanganya mbegu za mizabibu mwaka 1882 akapata aina mpya inayoiva mapema na kuzaa vizuri. Inaitwa Müller-Thurgau. Yeye aliamini ameunganisha Riesling na Silvaner. Uchunguzi wa DNA ukaja kuonyesha mzazi wa pili ni aina nyingine kabisa, Madeleine Royale. Ama kweli, hata mimea ina siri za nyumbani. Basi upande wa Ujerumani miche hiyo ilikuwa haijaruhusiwa kuingia. Mwaka 1925 mkulima wa Immenstaad wa ukoo wa Röhrenbach akaivusha ziwa kutoka Uswisi, usiku, kwa mashua. Leo hiyo ni mojawapo ya aina kuu za ufuo huo, na hakuna anayeiita magendo tena.

Nimeandika mengi kuhusu mvinyo na najua mlezi wa chama ameshika kalamu nyekundu. Mwalimu, tulia. Vijijini huuzwa juisi ya zabibu na ya matofaa pia, na sheria ya Ujerumani haina mzaha: anayekutwa juu ya baiskeli akiwa na gramu 1.6 za pombe katika kila kilo ya damu ni mhalifu wa barabarani, hata kama hajamgusa mtu. Akisababisha ajali anaweza kushtakiwa akiwa na kidogo kuliko hapo. Ndiyo, polisi anaweza kukusimamisha juu ya baiskeli! Huko baiskeli ni chombo kamili. Lazima iwe na taa mbele na nyuma, na breki mbili. Ukiheshimiwa kama chombo unadaiwa kama chombo.

Friedrichshafen hautakuonyesha majumba mengi ya kale. Ulipigwa mabomu vibaya mwaka 1944 kwa sababu ya viwanda vyake vya vita. Viwanda hivyo vilitokana na ndoto ya mzaliwa wa Konstanz, Ferdinand von Zeppelin, aliyerusha chombo chake cha kwanza cha angani kilichojazwa hidrojeni juu ya ziwa hili tarehe 2 Julai 1900. Na hapa, wapenzi wasomaji, ziwa hilo linagusana na historia yetu. Mwezi Novemba 1917 chombo kimoja cha kampuni yake, L59, kilitoka Bulgaria kikiwa na takriban tani 15 za risasi, bunduki na dawa kumpelekea Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akipigana na Waingereza katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Kilivuka bahari na jangwa, kikafika Sudan, karibu na Khartoum, kisha kikaamriwa kurudi. Kilikaa angani saa 95 na kusafiri zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua. Wakati huo huo wazee wetu walikuwa wakifa njiani na mizigo vichwani katika lile jeshi la wapagazi, ambalo jina lake limebaki Kariakoo. Wao hawakuletewa dawa kwa ndege.

Kando ya maji, kuanzia hapa na kote ziwani, utaona taa za rangi ya chungwa juu ya milingoti. Siku njema hazifanyi kitu. Upepo mkali ukitarajiwa, zinamweka mara 40 kwa dakika. Dhoruba ikikaribia, mara 90 kwa dakika, na kila mwenye mashua hukimbilia bandari. Nchi zote tatu hutumia ishara hiyo moja. Nilihesabu mimi mwenyewe kwa tochi ya simu ya dada, mara 40 kisha mara 90, na tofauti hata mtoto anaiona kutoka mbali. Kijijini kwetu kuna nyumba tatu ambazo mwanamume alitoka jioni na taa za kuvulia omena, asubuhi mashua ikarudi peke yake au isirudi kabisa. Wavuvi wetu husoma mawingu. Usiku wa giza mawingu hayasomeki.

Lindau ni mji wa kisiwani. Mlango wa bandari yake una mnara wa taa upande mmoja na sanamu ya simba mkubwa wa mawe upande wa pili, vyote vya mwaka 1856. Ukivuka mpaka unaingia Bregenz, Austria, ambako tangu 1946 hufanyika tamasha la muziki na maigizo, jukwaa likiwa ndani ya maji na watazamaji ufuoni. Mwaka wa kwanza walitumia mashua za mizigo kama jukwaa, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha jana tu na ukumbi haukuwapo. Kisha unavuka Mto Rhine unapoingia ziwani na matope yake, na baadaye kidogo uko Uswisi. Rorschach, Arbon, Romanshorn: tambarare, miti ya matofaa, reli jirani. Ukichoka unapanda garimoshi na baiskeli yako, au feri kutoka Romanshorn hadi Friedrichshafen. Nimegundua kwamba wengi wanaozunguka ni wazee wa umri wa babu zetu na familia zenye watoto. Hawashindani. Wengine hutumia siku tatu, wengine wiki nzima.

Karibu na mwisho kuna Münsterlingen, ambako inakaa sanamu ya Mtakatifu Yohana. Mara chache sana, pengine mara moja au mbili katika karne, ziwa lote huganda. Sasa mila ni kwamba likiganda, sanamu hiyo hubebwa kwa maandamano juu ya barafu kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, kati ya Münsterlingen na Hagnau yetu ile. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 12 Februari 1963, ilipotoka Hagnau ikaja Uswisi. Tangu siku hiyo haijarudi. Inangoja barafu, na jinsi hali ya hewa inavyobadilika, nadhani itangoja sana.

Kilomita chache tu na uko Kreuzlingen, mji wa Uswisi ulioshikana na Konstanz kama Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Zamani kulikuwa na seng'enge katikati. Iliondolewa mwaka 2006, na mwaka uliofuata pakasimamishwa sanamu 22 mahali pake, na mtu akawa anapita kwa baiskeli bila kujua amebadilisha nchi. Halafu ikaja korona. Machi 2020 seng'enge ikarudishwa, na hata ya pili ikaongezwa ili watu wasigusane. Wachumba, mama na wana wao wazima, walikuja kila siku wakasimama huku na huku wakiongea kwa sauti. Mei ikaondolewa tena. Na hapo gurudumu letu la buluu limerudi lilikoanzia.

Nilimpa baba makala haya ayasome kabla sijayaleta kwa mhariri. Alisoma yote, akarudia pale pa wale wazee wanaozunguka ziwa, kisha akaniuliza kama watu hao hawana magari. Nikamjibu kwamba wengi wanayo, wameyaacha nyumbani. Hakusema kitu. Jumatano alirudi kutoka sokoni na taa nyekundu ya nyuma, akaifunga mwenyewe kwa waya kwenye keria, akanituma niende hadi kwenye mwembe wa jirani halafu nirudi, aone kama inaonekana.